Uzito Usirudi: Maisha ya Garsen Baada ya Upasuaji wa Tumbo

Upasuaji wa kupunguza uzito huisha kwa saa chache. Kazi ya kuuzuia uzito usirudi huchukua umri wote uliobaki. Mgonjwa hutoka hospitalini na tumbo dogo, lakini nyumbani anakuta jiko lile lile, soko lile lile na jamaa wale wale wa kumwambia "karibu tule". Kwa mkazi wa Garsen kuna umbali pia. Upasuaji huu haufanyiki katika hospitali za kaunti yake ya Tana River. Anayeuhitaji hufunga safari ya zaidi ya kilomita 500 hadi Nairobi, na wenye uwezo huvuka hadi India. Daktari aliyemkata atamwona mara chache mwaka wa kwanza, kisha pengine asimwone tena. Kwa hiyo matokeo ya mwaka wa kumi hayategemei sana ustadi wa kisu. Yanategemea sahani, mizani na kituo cha afya kilicho karibu na nyumbani.

Tana River hutajwa zaidi kwa ukame na mafuriko kuliko kwa unene, na ni haki yake, kwani watoto wenye utapiamlo ni wengi na misaada ya chakula haijakauka. Hata hivyo njaa na unene hukaa kaunti moja, wakati mwingine nyumba moja. Uchunguzi wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza wa mwaka 2015 ulikuta asilimia 27 ya Wakenya wazima wana uzito uliozidi au unene. Kwa wanawake ilikuwa asilimia 38.5, kwa wanaume 17.5. Chakula cha bei nafuu kwenye miji ya barabarani ni unga, mchele, sukari na mafuta ya kupikia, vitu vinavyojaza tumbo na kunenepesha bila kuujenga mwili. Juu ya hayo bodaboda zimewapunguzia watu mwendo. Safari ya dakika 20 kwa miguu sasa ni shilingi hamsini na vumbi kidogo.

Si kila mnene anayefaa kukatwa. Tangu mwaka 1991 madaktari wengi duniani walifuata kanuni iliyotolewa Marekani: kipimo cha BMI, yaani uwiano wa uzito na urefu, kifike 40, au 35 kwa mwenye kisukari, presha au ugonjwa mwingine unaoletwa na uzito. Kwa mtu mwenye urefu wa sentimita 160, BMI ya 40 ni kama kilo 102. Mwaka 2022 vyama vya kimataifa vya madaktari wa fani hii vilishusha viwango hivyo hadi 35 bila sharti la ugonjwa, na 30 kwa wenye kisukari na maradhi ya aina hiyo.

Aina mbili za upasuaji ndizo zinazofanywa zaidi. Katika ya kwanza, robo tatu ya tumbo au zaidi hukatwa kwa urefu na kuondolewa, likabaki tumbo jembamba kama mrija. Ya pili ni ya njia ya mkato, ambayo asili yake ni kazi ya daktari Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa mwaka 1966. Hapo sehemu ya juu ya tumbo hutengwa ikawa kifuko cha mililita 30 hivi, nusu ya kikombe cha kahawa chungu, kisha kifuko hicho huunganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba. Chakula hupita bila kugusa sehemu kubwa ya tumbo wala mwanzo wa utumbo.

Wengi hudhani kinachopunguza uzito ni udogo wa tumbo peke yake. Kwa kweli upasuaji hubadilisha pia mazungumzo kati ya tumbo na ubongo. Sehemu inayoondolewa katika upasuaji wa aina ya kwanza ndiyo inayotoa kwa wingi homoni ya njaa iitwayo ghrelini, iliyogunduliwa Japani mwaka 1999. Baada ya aina zote mbili, utumbo hutoa kwa wingi zaidi homoni za shibe, ikiwemo GLP-1, ambayo pia huusaidia mwili kudhibiti sukari. Ndiyo maana wenye kisukari wengi huona sukari ikishuka ndani ya siku chache, kabla uzito haujapungua kwa maana yoyote.

Miezi 12 hadi 18 ya mwanzo ni ya raha. Njaa imetulia, kilo zinashuka, na mtu anaweza kudhani mambo yamekwisha. Takwimu za muda mrefu husema vingine. Uchunguzi mkubwa wa Sweden ulioanza mwaka 1987 chini ya Lars Sjöström uliwafuata zaidi ya watu 4,000, karibu nusu yao wakiwa wamefanyiwa upasuaji. Waliofanyiwa njia ya mkato walipoteza wastani wa asilimia 32 ya uzito wao katika mwaka wa kwanza au wa pili. Mwaka wa 10 asilimia hiyo ilikuwa imeshuka hadi 25, na mwaka wa 15 ilisimama kwenye 27. Kwa mtu aliyekuwa na kilo 130, hesabu hiyo ina maana kwamba alifika kilo 88, akarudi hadi 97 na ushei, kisha akatulia karibu na 95. Vifo pia vilipungua upande wa waliokatwa. Uchunguzi wa Utah, Marekani, uliotolewa mwaka 2017, ulipata sura hiyo hiyo: wastani wa kilo 45 zilizopungua mwaka wa pili, na kilo 35 mwaka wa 12.

Kwa hiyo kurudi kwa kilo kadhaa baada ya mwaka wa pili ni jambo la kawaida la mwili, wala si aibu ya mtu. Hili lafaa kuelezwa kabla ya upasuaji, maana anayeahidiwa kwamba hatarudisha hata kilo moja huanza kujificha kilo ya kwanza ikirudi, na akikosa kwenda kupimwa ndipo kilo tatu huwa kumi na tano. Lakini wastani pia huficha mengi. Wapo wanaobaki chini maisha yao yote, na wapo wachache wanaorudi karibu na walikoanzia.

Uzito hurudi kwa njia kadhaa, nyingine zikitoka ndani ya mwili. Mwili uliopungua hutumia nishati kidogo kuliko zamani na hujitahidi kurudisha ulichopoteza. Tumbo lililokatwa nalo hulegea kidogo na kuchukua chakula zaidi, na baada ya miaka mitano mtu anaweza kula sahani ambayo mwezi wa tatu asingeiweza. Umri, ujauzito na kukoma hedhi huongeza vyao. Dawa nazo zimo: insulini, dawa za steroidi, baadhi ya dawa za maradhi ya akili, na kwa baadhi ya wanawake sindano ya kupanga uzazi ya miezi mitatu. Hapo kuna mtego mdogo, kwa kuwa baada ya njia ya mkato vidonge vya kupanga uzazi huenda visinyonywe vizuri, na mwanamke hushauriwa asishike mimba kwa miezi 12 hadi 18 ya mwanzo. Kitanzi au kipandikizi humtoa katika mtego huo, na vyote viwili hupatikana katika vituo vya serikali.

Njia nyingine, iliyo kubwa kuliko zote, ni kudokoadokoa. Tumbo dogo huzuia sahani kubwa lakini halizuii chai. Kinywaji na kitu laini hupita upesi bila kuleta shibe, kwa hiyo mtu anaweza kushinda akila kidogo kidogo tangu asubuhi hadi usiku na kwa dhati akaapa kwamba hali chakula. Chai ya maziwa ya Garsen, iwe ya mama wa Kiorma nyumbani au ya hotelini stendi, hutiwa sukari vijiko vitatu bila kuulizwa. Vikombe vinne kwa siku ni vijiko 12, karibu kalori 200 za sukari tupu, na mahamri ya kuisindikiza hayajahesabiwa. Soda ya mililita 300 ina sukari ya gramu 30 na kitu. Miraa hukata hamu ya chakula kwa saa chache, lakini kwa wengi haitafuniki bila soda au peremende, na njaa iliyoahirishwa hudai haki yake usiku wa manane.

Pombe ni sura yake yenyewe. Baada ya njia ya mkato pombe huingia kwenye damu haraka na kwa wingi zaidi, na ufuatiliaji wa wagonjwa wa Marekani ulionyesha kwamba tatizo la ulevi huongezeka kuanzia mwaka wa pili, hata kwa watu ambao zamani hawakuwa walevi. Katika delta ya Mto Tana mnazi ni wa kugema, wa bei nafuu, na una sukari na kileo katika kata moja.

Kwa upande wa chakula, bonde la Tana lina neema ambayo mgonjwa wa mjini angeionea wivu. Kinachotafutwa kila siku ni protini ya gramu 60 au zaidi, kwa sababu protini hushibisha na huzuia misuli isiyeyuke pamoja na mafuta. Mayai mawili yana gramu 12 hivi, vikombe viwili vya maziwa gramu 16, kipande cha samaki cha gramu 100 kina 20, na kikombe cha maharagwe, kunde au pojo zilizopikwa kina 14 au zaidi. Jumla imetimia, na hakuna unga wa makopo wa kuagizwa Nairobi. Kambare wa mtoni wa kuchemshwa au wa kukaushwa kwa moshi anafaa kuliko wa kukaangwa. Wasioyaweza maziwa mabichi baada ya upasuaji, kwa kuwa tumbo huvimba na kuharisha, mara nyingi huyavumilia maziwa ya mgando.

Tatizo huja ukame unapoingia. Ng'ombe hupelekwa mbali au hufa, maziwa hupotea, bei ya nyama hupanda, na sahani hubaki na ugali au wali na mchuzi mwepesi. Mgonjwa wa upasuaji huumia mara mbili hapo: anakosa protini na bado anaongezeka uzito. Jamii ya kunde ndiyo kinga ya msimu huo, kwa kuwa hukauka, hukaa, na hugawiwa pamoja na mahindi ya msaada. Mtu akila maharagwe kwanza na mahindi baadaye, tumbo dogo hujaa kilicho bora.

Maembe yanahitaji neno lake. Yakiiva mwisho wa mwaka kandokando ya mto, hayana bei na hayana mwisho. Embe lenyewe ni chakula kizuri, lina nyuzinyuzi na vitamini. Vipande vichache baada ya samaki havimdhuru mtu. Juisi yake ndiyo mbaya. Maembe matatu hunywewa kwa dakika mbili kwenye gilasi moja, nyuzinyuzi zimechujwa na sukari imeongezwa.

Wali wa nazi si haramu, lakini huvimba ukilowa, na tumbo lililokatwa halina pa kuuweka. Mgonjwa hushauriwa kutafuna polepole, kutumia dakika 20 au zaidi kwenye mlo, na kutokunywa maji pamoja na chakula wala ndani ya nusu saa baadaye, ili chakula kisisukumwe chini kabla ya shibe kufika. Kanuni hii husahaulika kuliko zote kufikia mwaka wa tatu.

Harusini ndipo yote haya hupimwa. Sinia ya pilau huwekwa katikati ya watu wanne au watano, nyama juu, kachumbari pembeni, na kila mmoja hula upande wake kwa mkono. Sinia haina kipimo: hakuna anayejua amekula kiasi gani, na mwenye mkono mzito huwavuta wenzake kwenda kwa kasi yake. Mwenyeji akiona upande mmoja haupungui, husogeza pale nyama ya katikati na kuuliza kama chakula kina kasoro. Kukataa ni kumvunjia heshima. Waliozoea hali hii huwa na njia zao: huketi na wazee wanaokula taratibu, huanza na nyama na kachumbari, huumega wali kwa vidole vitatu, na huendelea kuugusa ukingo wa sinia hadi wenzao wanawe. Wengine humweleza mama wa nyumba mapema, faraghani, na huyo ndiye anayewakinga na wengine.

Kuna na ulimi wa watu. Mahali ambapo kukonda ni alama ya njaa, kifua kikuu au Ukimwi, mtu aliyepoteza kilo 40 husikia "mbona umekwisha hivyo, una nini?" kabla salamu haijajibiwa. Wengi huficha kwamba walipasuliwa, ama kwa kuhofia kuambiwa walichezea umbo la Mungu, ama kwa kuona haya kwamba walitumia mamia ya maelfu ya shilingi kupungua huku jirani akitafuta cha kula. Siri hiyo ina gharama, kwani anayeficha hawezi kukataa sahani kwa sababu inayoeleweka. Kumwambia mtu mmoja nyumbani, hasa anayepika, huondoa nusu ya mzigo.

Ramadhani huhitaji mpango wake. Madaktari wengi huwashauri wagonjwa wasifunge mwaka wa kwanza hadi mwaka na nusu baada ya upasuaji, na dini imempa mgonjwa ruhusa. Baadaye wengi hufunga salama wakiwa wamepimwa. Shida ya kwanza ni maji: lita moja na nusu au mbili zinatakiwa ziingie usiku, kwa funda ndogo ndogo, katika mji ambao joto la mchana hupita nyuzi 30 kwa urahisi. Asiyezipata hujitafutia kizunguzungu na vijiwe vya figo. Shida ya pili ni futari. Kaimati iliyochovywa kwenye shira ikiingia katika kifuko kitupu cha aliyefanyiwa njia ya mkato, sukari hushuka kwenye utumbo kwa kishindo: moyo huenda mbio, jasho hutoka, tumbo husokota, na mtu hulazimika kulala chini wenzake wakienda kuswali. Tende moja, maji, kisha uji mwepesi wa mtama au supu ya samaki humpeleka salama hadi tarawehe. Anayetumia dawa za kisukari hapaswi kufunga kabla ya kupangiwa vipimo vyake upya, maana sukari inaweza kushuka mno.

Vitamini na madini havina likizo. Utumbo uliorukwa ndio ulionyonya sehemu kubwa ya madini ya chuma na kalsiamu, na tumbo lililopungua halimsaidii mtu kunyonya vitamini B12. Aliyekatwa hutumia vidonge vya vitamini mchanganyiko, chuma, kalsiamu na vitamini D maisha yake yote, na B12 kwa vidonge au sindano. Ini huweka akiba ya B12, na hapo ndipo watu hudanganyika: mtu huacha vidonge, miaka miwili inapita bila dalili, naye huamini havihitaji. Kisha huja ganzi ya vidole vya miguu, uchovu, usahaulifu, na neva zikishaharibika sana huenda zisirudi zote.

Katika Tana River dalili hizo huingia katika msitu wa maradhi mengine. Mtu mwenye macho meupe na kukosa pumzi akifika kituoni Garsen, muuguzi hufikiria malaria, minyoo na kichocho, ambacho kimezoeleka vijiji vya delta, na mara nyingi yuko sahihi. Mgonjwa asipotaja upasuaji hupewa dawa ya minyoo na kurudishwa nyumbani, na damu haiongezeki. Kwa sababu hiyo kila aliyekatwa anastahili kutembea na karatasi ya hospitali inayosema aina ya upasuaji, tarehe, na dawa anazotumia. Nakala moja ikae kwenye simu.

Karatasi hiyo inaweza kuokoa maisha katika mambo mawili zaidi. La kwanza ni kutapika kusikoisha. Anayetapika kwa siku kadhaa baada ya upasuaji wa aina hii huishiwa na vitamini B1, iitwayo thiamini, na akitundikiwa dripu ya glukosi bila kupewa thiamini kwanza, ubongo wake unaweza kudhurika. La pili ni maumivu makali ya tumbo yanayokuja ghafla, hata miaka mingi baadaye, kwa aliyefanyiwa njia ya mkato. Utumbo unaweza kuwa umejisokota ndani, na hilo ni la kupelekwa hospitali yenye daktari wa upasuaji siku hiyo hiyo, bila kungoja dawa ya vidonda vya tumbo ifanye kazi. Dukani nako kuna la kujihadhari: diklofenaki, ibuprofeni na aspirini, ambazo huuzwa kwa kila maumivu ya mgongo, zinaweza kuleta kidonda kwenye mshono wa kifuko. Paracetamol ndiyo salama. Sigara huleta kidonda hicho hicho.

Mizani ni chombo cha bei ndogo kuliko vyote na ndicho kinachokwepwa zaidi. Dera haisemi kitu, kwani nguo pana kama ile humkaa mwenye kilo 80 sawasawa na mwenye kilo 95, na miezi sita inaweza kupita bila mtu kujua. Kupimwa mara moja kwa wiki, siku ile ile, asubuhi, kwa nguo zile zile, kunatosha. Kila siku ni kujitia wazimu, kwa kuwa maji ya mwili hupanda na kushuka. Kilo tatu hadi tano juu ya uzito wa chini kabisa aliowahi kufikia, zikidumu kwa mwezi, ni ishara ya kutafuta ushauri. Tangu Septemba 2023 serikali ya Kenya imewapa wahudumu wa afya ya jamii mikoba ya kazi yenye mizani na mashine za kupima presha na sukari. Wahudumu hao hupita nyumba kwa nyumba, na ingawa hawakufundishwa mambo ya upasuaji wa unene, mizani yao haitofautiani na ya Nairobi. Vipimo vya damu, yaani wingi wa damu, chuma, B12, vitamini D na sukari, hutakiwa angalau mara moja kwa mwaka. Vingine huhitaji safari ya Malindi au Mombasa, na mwenye busara huviunganisha na safari nyingine.

Mafuriko huvuruga utaratibu wote. Mto Tana ulipofurika mwishoni mwa 2023 na tena Aprili na Mei 2024, barabara zilikatika na vijiji vizima vikahamia kambini. Vidonge vya kalsiamu si jambo la kwanza linalopakiwa kwenye mtumbwi. Akiba ya miezi mitatu iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki, ikawekwa pamoja na kitambulisho na vyeti, huondoa hofu hiyo, na ni vizuri inunuliwe kabla ya mvua za masika na za vuli.

Mazoezi hayapunguzi uzito mwingi yenyewe, lakini huulinda uliopungua. Wanaofanikiwa kwa miaka mingi hutembea au hufanya kazi ya nguvu kwa kati ya dakika 200 na 300 kwa wiki. Alfajiri kabla jua halijachoma, au baada ya alasiri, ndiyo saa ya Garsen, na njia ni ya barabarani kuliko ya ukingo wa mto, kwa sababu ya viboko na mamba. Kulima shambani na kubeba madumu ya maji kunahesabika, na kuna faida ambayo kutembea hakuna: hujenga misuli, na misuli hula nishati hata mtu akilala.

Uzito ukishaanza kurudi, hatua ya kwanza ni kuandika kila kinachoingia mdomoni kwa wiki moja, chai ikiwemo. Mara nyingi jibu huonekana siku ya tatu. Daktari hupitia dawa, hupima tezi na sukari, na huuliza kuhusu usingizi, huzuni na pombe. Ikibidi, tumbo huangaliwa kwa kamera au picha kuona kama kifuko kimetanuka au njia imejifungua upya.

Dawa mpya zinazoiga GLP-1, kama liraglutidi na semaglutidi, zimeleta chaguo ambalo zamani halikuwepo. Huwasaidia pia waliokwisha kukatwa na uzito ukarudi. Kasoro zake ni bei, sindano zinazohitaji friji kabla ya kufunguliwa mahali ambapo umeme hukatika, na ukweli kwamba faida hudumu muda wa kuzitumia: katika jaribio moja kubwa la semaglutidi, waliosimamishwa dawa walirudisha theluthi mbili ya uzito waliopoteza ndani ya mwaka mmoja. Zile zinazouzwa mitandaoni bila cheti cha daktari ni za kuepukwa kabisa.

Upasuaji wa mara ya pili hufanywa kwa wachache. Hatari yake ni kubwa kuliko ya ule wa kwanza, kwa kuwa daktari anapita kwenye makovu, na upungufu wa uzito unaopatikana kwa kawaida huwa mdogo zaidi. Haufai kwa mtu aliyerudisha kilo sita kati ya arobaini, wala kwa ambaye shida yake ni soda. Unamfaa zaidi aliyebakiwa na tumbo la mrija akawa na kiungulia kikali pamoja na uzito uliorudi. Kugeuziwa kuwa njia ya mkato humsaidia kwa yote mawili, na vidonge vya chuma, kalsiamu na B12 huwa vya lazima kwake kuliko hapo awali.